Mwezi wa kwanza haumuumizi mtu, subirini wa tatu: uzi wa waliofika ughaibuni kikazi

Kibali Mkononi (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Nyuzi za namna ya kupata kazi nje zimejaa: mawakala, viza, usaili, nauli. Mtu akishapanda ndege, uzi unakufa. Hakuna anayerudi kusimulia yanayofuata, tunabandika picha ya uwanja wa ndege basi. Mimi namaliza mwezi wa 14 ugenini na ninamwandikia yule aliyetua wiki hii, mabegi hata hajayafungua.

Nchi sitaitaja. Mwajiri wangu ana macho, halafu fomu hubadilika majina tu kutoka nchi hadi nchi, usumbufu ni ule ule.

Mwezi wa kwanza hautakuumiza. Uko mbioni, kila mtu anakupigia simu, hata kupotea njia ni hadithi ya kusimulia jioni. Mwezi wa tatu ndio unaokaa na wewe chumbani. Simu za nyumbani zimepungua na zilizobaki zinaomba hela. Kazini hawakuonyeshi tena njia kwa kuwa si mgeni, ila utani wao bado unakupita juu ya kichwa. Unafunga mlango, unahesabu, unagundua hujaongea na mtu jambo lisilo la kazi tangu Jumatatu. Sasa kama mwezi wa kwanza uliuchezea, ni hapo hapo karatasi nazo zinaiva: muda wa kujisajili umepita, bima ya afya haijaanza, kipindi cha majaribio kinakaribia mwisho. Upweke peke yake unabebeka. Upweke ukiongezewa faini, hapana.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza ufanyie kazi mwezi wa tatu.

Nianze na duara lililonichosha kuliko kazi yenyewe. Benki ilitaka uthibitisho wa anwani. Mwenye nyumba alitaka akaunti ya benki na hati za mshahara za miezi mitatu. Ofisi ya kusajili wakaazi ilitaka mkataba wa nyumba. Mwajiri naye anasema bila akaunti hana pa kuweka mshahara. Nilizunguka hivyo siku 18. Kilichonitoa ni karatasi moja tu: barua ya mwajiri yenye sahihi na muhuri, inayotaja cheo changu, mshahara, muda wa mkataba na mahali ninapokaa kwa muda. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyeninong'oneza, "waambie wakuandikie, wanaandikaga." Ningejua ningeiomba kabla ya kusafiri.

Na nyumba. Hili naliandika kwa aibu. Nililipa amana kwa nyumba niliyoiona kwenye picha, "dalali" akaniambia wapangaji wengine wanaigombea. Nilipofika na begi, mlango ulifunguliwa na mama mmoja anayeishi pale mwaka wa tisa. Hakushangaa hata kidogo, akasema mimi ni wa nne mwaka huo. Alinipa kiti na maji, akanisaidia kwenda kuripoti. Hela haikurudi. Jamani, lipia chumba cha kupitia cha wiki mbili au tatu, kisha nyumba uitafute ukiwa unaitazama kwa macho yako.

Karibuni tusaidiane.

Nesi wa Zamu

Nimeweka kambi. Mwenye uzi umegusa penyewe.

Naongezea vyeti. Kama una taaluma inayohitaji leseni, msitegemee kwamba barua ya ajira inatosha. Cheti chako huko ni karatasi tu mpaka kithibitishwe. Kama nchi uliyotoka na unakokwenda zote ziko kwenye Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, muhuri mmoja wa apostili, yaani uthibitisho kwamba sahihi na muhuri wa hati ni halisi, unatosha. Kama mojawapo haimo, ni safari ya wizara kisha ubalozi, na ukiwa umeshaondoka lazima umwachie mtu mamlaka ya kukufuatilia. Mimi cheti cha kuzaliwa nilikiacha sandukuni nikidhani hakuna atakayekiuliza. Kiliulizwa wiki ya pili.

La pili ni lugha. Nilisoma lugha ya hospitali mwaka mzima. Mgonjwa akisema anaumwa wapi nilielewa. Kilichonishinda ni lugha ya kwenye korido, ile wanayoongea wakiwa wamechoka, haraka, nusu sentensi, wanacheka. Nikawa nacheka wakicheka. Siku moja dada mmoja akaniuliza "umecheka nini?" Tangu siku hiyo nikaanza kusema sijaelewa, rudia. Wiki mbili za aibu, kisha nikaacha kujali.

Tumaini Jipya

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye huyo wa mabegi, nimefika Jumanne. Nafanya kazi za ndani kwa familia moja. Sina lalamiko kubwa, wananisemesha vizuri. Ila siku ya kwanza tu mama mwenye nyumba alichukua pasipoti yangu, akasema anaiweka kabatini isipotee. Ni kawaida? Naogopa kuuliza nisionekane mjuaji.

Bi Mkubwa wa Ghorofani

Marahaba mwanangu. Imezoeleka, lakini si halali yake. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na moja, nyumba tatu.

Pasipoti hata wewe si mali yako, ni mali ya serikali iliyokupa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 189 wa mwaka 2011, ule wa wafanyakazi wa majumbani, unasema kwenye kifungu cha 9 kwamba mfanyakazi ana haki ya kukaa na hati zake za safari na vitambulisho vyake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa wafanyakazi wahamiaji, uliopitishwa Desemba 1990 na kuanza kutumika Julai 2003, nao kwenye kifungu cha 21 unakataza mtu asiye afisa aliyeidhinishwa kisheria kunyang'anya hati hizo. Sitakudanganya, nchi nyingi tajiri zinazotupokea hazijauridhia huo wa pili, lakini zipo zenye sheria yao ya ndani inayokataza jambo lile lile.

Haki ni moja, namna ya kuidai ni nyingine. Usianze na vifungu, utatibua nyumba unayolala. Mwambie hivi: "Mama, naombeni pasipoti, ofisi ya usajili na benki wanataka kuona yenyewe, nakala hawapokei." Hilo ni kweli na halimtii aibu. Ukishaipata, usiirudishe kabatini kwake. Akikataa mara mbili, andika tarehe zote mbili, kisha piga simu ubalozini. Na leo hii, kabla hujalala, omba uipige picha ukurasa wa picha na ule wa viza, umtumie mtu mmoja nyumbani unayemwamini.

Jingine, wakala alikutoza hela ya kukutafutia kazi?

Tumaini Jipya

Ndiyo mama, wanakata kwenye mshahara miezi minne.

Bi Mkubwa wa Ghorofani

Mh. Mkataba wa Shirika hilo hilo la Kazi namba 181 wa mwaka 1997, kifungu cha 7: wakala binafsi hapaswi kumtoza mfanyakazi, moja kwa moja wala kwa kuzunguka, kwa jumla au kwa sehemu. Kuna vighairi serikali inaweza kuruhusu, na si nchi zote zimeuridhia. Tunza kila ujumbe na kila risiti ya makato. Leo zinaweza zisikusaidie, ila nimeona watu wamerudishiwa baada ya mwaka kwa sababu walikuwa na karatasi, na wengine wakakosa kwa kuwa walikuwa na maneno tu.

Mbishi Halali

Nyie wote mnakubaliana mno. Mwenye uzi, huo mwezi wa tatu umeutoa wapi? Mimi miezi sita ya kwanza nilikuwa kama niko harusini. Mwezi wa tisa ndio nilianguka, nikawa naamka nalia bila sababu.

Kibali Mkononi

Mkuu, nimeutoa kwenye mwili wangu.

Nimerudi

Mbishi ana hoja, na wote wawili mko sahihi. Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia, ndiye aliyelitangaza sana neno la mshtuko wa utamaduni, makala yake ilitoka mwaka 1960: fungate, kisha mgogoro, kisha kupona, kisha kuzoea. Kabla yake, mwaka 1955, Mnorwei Sverre Lysgaard aliwahoji Wanorwei 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa chini ya miezi sita walijiona wamezoea, waliokaa zaidi ya miezi 18 pia, walioteseka ni wa katikati. Ndipo ukatokea ule mchoro wenye umbo la U. Mbishi na mwezi wake wa tisa yumo humo.

Lakini mwaka 1998 Colleen Ward na wenzake walifuatilia wanafunzi wa Kijapani waliokwenda New Zealand, wakakuta hali mbaya kuliko zote ilikuwa mwanzoni kabisa, pale walipofika. Hakuna fungate. Kwa hiyo ukiona wiki ya kwanza tu unataka kurudi, usidhani una kasoro, wala ukiona mwezi wa nne uko sawa usianze kuwacheka wenzio.

Mbishi Halali

Hapo sawa. Nimekaa chini.

Mahesabu

Mmesahau pesa kabisa, mnaongelea machozi.

Kuna hadithi inatembea kwamba ukikaa chini ya siku 183 hulipi kodi. Inatokana na mkataba kielelezo wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri, kifungu cha 15, ambao nchi nyingi hufuata zinapoandikiana mikataba ya kuzuia mtu kutozwa kodi mara mbili. Watu wanasoma sharti la kwanza wanafunga kitabu. Masharti ni matatu na lazima yatimie yote: usizidishe siku 183 ndani ya miezi 12, anayekulipa asiwe mkaazi wa nchi unayofanyia kazi, na mshahara usibebwe na tawi la kudumu la mwajiri wako lililoko huko. Maana yake, kama umeajiriwa na kampuni ya huko huko, na nchi hiyo ina kodi ya mapato, unakatwa tangu siku ya kwanza. Hizo siku 183 zinamhusu yule aliyetumwa na mwajiri wa nyumbani. Nimeshamwona mtu amekula hela yote ya miezi mitano akijua hadaiwi.

Namba ya mlipakodi iombeni mapema. Nchi kadhaa, mwajiri asipokuwa na namba yako anakukata kwa kiwango cha juu mpaka uilete. Ziada hurudishwa, lakini wewe kodi ya nyumba unadaiwa mwezi huu.

Na hati ya kwanza ya mshahara kaeni nayo mezani, mstari kwa mstari, na mtu wa utumishi. Muulizeni kila kato linakwenda wapi. Huyo mtu kulipwa kwake ni kukujibu.

Kibali Mkononi

Mahesabu asante, hilo la siku 183 hata mimi nilikuwa nalo nusu nusu. Na kutuma nyumbani?

Mahesabu

Gharama imejificha sehemu mbili, ada na kiwango cha kubadilisha fedha. Tangazo linalosema "kutuma ni bure" limeihamishia ada kwenye kiwango. Usiulize ada ni ngapi, uliza swali moja: nikitoa kiasi hiki, yule wa upande wa pili anashika ngapi mkononi? Linganisha watatu siku hiyo hiyo. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, wastani wa kutuma dola 200 umekuwa ukizidi asilimia 6, wakati Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka ushuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kutuma vipande vipande kila anayelia ndiko kunakomaliza, maana kila kipande kina ada yake.

Kibali Mkononi

Hapo kwa kila anayelia ndipo penyewe. Mwezi wa pili nilituma mara saba. Kila ombi lilikuwa la kweli, sikudanganywa na mtu. Mwezi wa tatu nikaumwa jino, bima ilikuwa bado haigharamii meno, nikakosa hela ya kung'oa. Nililala na lile jino siku tano huku kwenye kundi la ukoo wananiita tajiri.

Nilichofanya: nikampigia dada yangu mkubwa, nikamwambia nitatuma mara moja kwa mwezi, kiasi kile kile, na kitapitia kwake, mwenye shida amwone yeye. Sikumwambia mtu mwingine mshahara wangu. Walinuna wiki kadhaa. Mjomba mmoja hadi leo hanijibu salamu. Dada naye nimemtwika mzigo, najua, kila sikukuu ananikumbusha.

Mke wa Mhandisi

Habari za humu. Nimesoma kimya kimya, naona wote mlikwenda kwa ajili ya kazi zenu. Niwasemee tuliofuatana.

Mume wangu ana kazi, ana kadi ya kuingilia mlangoni, ana watu wanaomwita kwa jina. Mimi kwenye karatasi ninaitwa mtegemezi. Nilikuwa mwalimu miaka minane. Kibali changu hakiniruhusu kufanya kazi, na hilo hatukulisoma kabla ya kuja, tulisoma mshahara tu. Anarudi jioni amechoka na watu, mimi nimechoka na kuta. Yeye anataka kimya, mimi ndio naanza kuongea. Tuligombana miezi minne juu ya vitu vya kijinga, kijiko, dirisha, mpaka siku moja akaniuliza "leo umeongea na nani?" nikamjibu "na wewe."

Kilichonisaidia kilikuwa kidogo sana. Nilijiandikisha darasa la lugha la asubuhi la bure kwenye maktaba. Sikwenda kwa sababu ya lugha, nilikwenda ili saa tatu kuwe na mtu atakayegundua nisipofika. Sasa hivi ni mwaka wa pili, kuna wanawake wawili wa darasani ninaweza kuwapigia usiku.

Mnaokuja na wenzi wenu, kabla ya kusaini someni kibali cha mwenzi kama mnavyosoma mshahara. Na akaunti ya benki iwe na majina yote mawili. Sisi tulianza na la kwake tu, nikawa naomba nauli kama mtoto.

Nesi wa Zamu

Dada, hiyo ya mtu atakayegundua nisipofika nimeisoma mara tatu.

Mbishi Halali

Swali langu jingine la ubishi. Mtu akifika aishi na wenzake wa nyumbani au ajitenge? Mimi nasema ajitenge mwaka wa kwanza, la sivyo lugha haji kuijua na atajua umbea wote wa kata ya kwao.

Bi Mkubwa wa Ghorofani

Wewe ulikuwa na mkataba na ofisi. Mimi nilikuwa na jiko la watu na mlango unaofungwa kwa nje. Bila wale wanawake wa nyumbani tuliokutana siku ya mapumziko, nisingejua kwamba siku ya mapumziko ni haki yangu. Mwanangu Tumaini, watafute. Wachague lakini. Ukiona mtu siku ya kwanza anakuuliza unalipwa ngapi, mwamkie, umpite.

Kibali Mkononi

Mimi niko kati. Nilikaa nyumba moja na wenzangu watatu wa nyumbani, wakaniokolea mwezi wa kwanza. Mwezi wa sita nikahama kwa sababu tulikuwa tunaamka tunailaumu nchi ya watu, tunalala tunailaumu. Bado naenda kwao Jumapili.

Nimerudi

Mimi nilikaa miaka saba, sasa niko nyumbani mwaka wa pili. Mawili ya haraka.

Michango ya hifadhi ya jamii: mwulizeni mwajiri mapema kama nchi yenu na ya huko zina makubaliano ya kujumlisha miaka ya uchangiaji. Yakiwepo, miaka yako haipotei. Yasipokuwepo, kuna nchi humrudishia mgeni sehemu ya michango anapoondoka moja kwa moja, na nyingine hazirudishi. Mimi niliuliza wiki ya mwisho, nikakuta fomu ilitakiwa niwe bado nina anwani ya huko.

Pili, ule mchoro wa U una mkia. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn waliuongeza ukawa W, kwa sababu anayerudi naye huanguka upya. Nilikuja nikakuta kiti changu kina mtu, kwa maana ya kweli kabisa, pale sebuleni. Nikikosoa foleni wanasema najifanya Mzungu. Lakini huo ni uzi mwingine, nisiuteke huu.

Kibali Mkononi

Ufungue mkuu, tutakuja.

Jambo moja nililosahau, la leseni ya udereva. Ile ya kimataifa chini ya mkataba wa Geneva wa 1949 ni ya mwaka mmoja, na ni tafsiri tu ya leseni yako, bila ya nyumbani haina kazi. Nchi nyingi ukishakuwa mkaazi zinakupa muda mfupi ubadilishe, ukizembea unaanza mtihani kama mtoto wa jana. Mimi nilianza kama mtoto wa jana.

Tumaini Jipya

Wakubwa nimerudi na habari. Mama Bi Mkubwa, nilisema kama ulivyonifundisha, neno kwa neno. Alitafuta kabatini, akanipa, akasema "kumbe wanataka yenyewe." Sijairudisha. Picha nimemtumia kaka. Kesho ananipa ruhusa ya asubuhi niende kusajiliwa.

Bi Mkubwa wa Ghorofani

Alhamdulillahi. Ibebe kifuani, si kwenye mkoba.

Kibali Mkononi

Chukua nakala mbili za kila kitu, picha ndogo nne, na kalamu yako mwenyewe, ya pale imefungwa kamba na haiandiki. Umeshapewa barua inayoonyesha unapokaa?

Tumaini Jipya

Barua sina. Nimwombe usiku huu?

Kibali Mkononi

Sasa hivi, kabla hajalala. Na mwambie aweke tarehe.